Mwalimu wa Watoto na Ajijue Kwanza

Ndugu zetu, atakaye kuwasomesha watoto wadogo na ajiulize kwanza: nimelelewa kwa desturi zipi? Asiyejua asili yake huziona desturi za wenziwe kuwa ni ujinga.

Kijana wetu akipelekwa kusomesha Meru au Embu, asidhani wenyeji wote ni wamoja. Embu wako Waembu na Wambeere. Meru wako Waimenti, Watigania na Waigembe, kila watu na matamshi yao. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya mahali pake. Basi amchekaye mtoto kwa lugha ya mamake humfunga ulimi kabla hajajua herufi.

Tena Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani. Tumdharauye huenda ni jamaa yetu.