Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: nilivyoipa mashine kuukuu ya CNC ubongo mpya

Somo la leo ni refu kidogo, tulia nalo, maana linagusa hela.

Wengi mnanijua kwa mihuri ya sabuni, ile ya alumini unayogandamiza kwenye kipande cha sabuni kikatoka na jina la biashara yako. Zamani nilikuwa dalali tu wa kazi hiyo. Napokea oda, nampelekea fundi mwenye mashine, yeye anachonga, mimi naongeza changu juu. Fundi akichelewa, maneno nakula mimi.

Siku moja nikasikia karakana fulani inauza mashine ya kuchonga chuma ya CNC kwa bei inayokaribia ya chuma chakavu. Mwili mzima, ubongo umekufa. Kioo kinawaka, lakini haijui chochote. Fundi akanieleza sababu: kontrola nyingi za zamani zinatunza vipimo vya mashine kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikiisha huku umeme umezimwa, vipimo vinafutika. Kama hakuna aliyeweka nakala, mashine inabaki kama mzee aliyesahau njia ya kwake. Nikainunua.

NILIPOKOSEA

Mashine ya CNC ina sehemu tatu. Kuna chuma chenyewe: meza, reli, skrubu ndefu zinazosukuma meza, na spindo inayozungusha kisu. Kuna mota na draiva zake. Halafu kuna ubongo, yaani kontrola, unaosoma kodi za kazi na kuziambia mota zizunguke kiasi gani. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba, ikisoma mkanda wenye matundu. Tangu hapo ubongo umebadilika mara nyingi. Meza, skrubu na spindo bado ndizo zinazofanya kazi.

Mimi nikakimbilia ubongo. Nikanunua kontrola, nikafunga, meza ikatembea, nikarekodi video, nikaposti. Oda zikaja siku hiyohiyo. Mama mmoja mtengeneza sabuni akatuma advansi ya mihuri sita yenye nembo ya duara. Hela yake nikanunulia draiva iliyobaki.

Mihuri ikatoka. Akanitumia picha na swali moja: "Mwanangu, hii ndiyo nembo yangu au yai?"

Duara lilikuwa na sehemu bapa nne, kulia, kushoto, juu na chini. Akataka hela yake. Hela sina, imeshakuwa draiva. Nikakopa nikamrudishia. Sasa nikupe nilichojifunza, ili wewe usikope.

1. PIMA CHUMA KABLA YA KUNUNUA HATA WAYA MMOJA

Sehemu bapa kwenye duara mara nyingi ni dalili ya pleyi, yaani ulegevu. Mota inageuza mwelekeo, skrubu inazunguka kidogo, lakini meza bado haijasogea. Kontrola ya bei yoyote haiponyi skrubu iliyolegea. Programu nyingine zina sehemu ya kufidia, lakini huko ni kufunika kidonda.

Kipimo ni rahisi. Weka saa ya kupimia, ile mafundi wanaiita dayo geji, iguse meza. Sogeza meza upande mmoja, weka sifuri, endelea milimita moja, kisha irudishe milimita moja ileile. Saa isiporudi sifuri, hiyo tofauti ndiyo pleyi yako. Yangu ilisoma milimita 0.18. Kwenye herufi yenye unene wa milimita 0.8, mteja anaiona bila miwani.

Nilidhani skrubu imekwisha. Kumbe nati inayobana beringi mwishoni mwa skrubu ilikuwa imelegea. Kuikaza kulinigharimu nusu saa, pleyi ikashuka hadi 0.03. Kwa hiyo anza na vitu vya bei rahisi: nati, beringi, vibanio vya reli. Na ukienda kununua mashine kuukuu, nenda na saa ya kupimia mfukoni. Skrubu zikiwa zimekwisha kweli, bei ya chuma chakavu ndiyo bei yake halali.

2. USITUPE MOTA NZURI

Mota za zamani za servo zikiwa nzima, na draiva zake zinapokea amri ya kawaida ya volti kutoka kwenye kontrola, zinaweza kuendelea na kazi chini ya ubongo mpya. Mwite fundi umeme azipime kwanza. Ukikimbilia kuzing'oa unaweza kununua upya ulichokuwa nacho tayari.

3. CHAGUA UBONGO KWA MWILI ULIONAO

Grbl ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya kadi ndogo za Arduino. Inafaa mashine nyepesi ya mhimili mitatu yenye mota za hatua. LinuxCNC nayo ni ya bure, mizizi yake iko kwenye mradi wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Ikipata kadi inayofaa inaweza kuendesha servo za zamani, ila inataka uvumilivu kuisoma. Mach3 utaikuta kwenye video nyingi za zamani. Angalizo: njia yake ya kutumia tundu la printa haifanyi kazi kwenye Windows za biti 64. Usiuziwe kadi ya tundu hilo ukaja kugundua nyumbani.

4. USALAMA SI MAPAMBO

Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa draiva moja kwa moja kwa nyaya. Kisiishie kuiambia kompyuta isimame, maana kompyuta inaweza kuganda. Swichi za mwisho wa njia zifungwe kwa mtindo ambao waya ukikatika mashine inasimama. Kapasita za draiva hubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo subiri na upime kabla ya kugusa. Usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme, utaiua. Na kabla ya kulegeza mota ya mhimili wa juu, weka gogo chini ya kichwa cha mashine, kisije kikakushukia mkononi.

5. HESABU YA HATUA

Hapa wengi wanaogopa bure. Mota ya hatua ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ukiiseti igawe kila hatua mara 8, unapata 1600. Kama imefungwa moja kwa moja kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, gawanya: 1600 kwa 5 ni 320. Unaiambia kontrola: hatua 320 kwa milimita.

Kisha amuru milimita 100 na upime. Ukipata 50, rudi kwenye vile viswichi vya draiva, umekosea mgawanyo. Ukipata tofauti ndogo, hakikisha kwanza umepima ukitokea upande uleule, isije ikawa ni pleyi inakudanganya.

6. MASHINE INAPOSIMAMA YENYEWE

Yangu ilikuwa inasimama katikati ya kazi, eti imegonga mwisho wa njia, na hapo meza iko katikati kabisa. Nililaumu kontrola wiki nzima. Mchawi alikuwa inveta ya spindo: inatoa kelele za umeme zinazoingia kwenye nyaya za swichi. Nilitumia waya wenye ngao, nikaiunga ngao kwenye ethi upande mmoja tu, nikatenganisha nyaya za swichi na nyaya za umeme mkubwa. Ugonjwa ukaisha.

7. WEKA NAKALA

Mashine hii ilikuja kwangu kwa sababu hakuna aliyeandika vipimo vyake. Mimi vyangu viko kwenye flashi mbili na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa boksi la umeme, pamoja na picha za nyaya zote zenye namba. Kazi ya saa moja.

8. SASA HESABU YA BIASHARA

Nakupa mfano wa hesabu tu, weka namba zako. Tuseme mashine, kontrola, nyaya na fundi vimefika shilingi 3,600,000. Tuseme ukitoa alumini, visu, umeme na muda wako, kila muhuri unakubakizia 20,000. Unahitaji mihuri 180 ndipo hela irudi. Je, kwenye simu yako una wateja wa kununua mihuri 180? Kama huna, endelea na udalali kwanza, ujenge wateja. Fundi anayechelewa ana nafuu kuliko deni.

Na sheria yangu ya sasa: sipokei advansi ya kazi ambayo mashine haijaithibitisha. Nachonga vipande kumi vinavyofanana, napima cha kwanza na cha kumi. Vikilingana, ndipo naposti bei. Video ya meza inayotembea inavutia macho, lakini mteja analipia kipande cha kumi.

Yule mama nilimrudishia hela kwanza. Mashine ilipokaa sawa nikachonga mihuri yake sita upya, nikampelekea bila kumdai. Kimya siku tatu. Ya nne akatuma picha ya sabuni zimepangwa mezani, duara limekaa kama sarafu. Hakuandika neno. Wiki mbili baadaye akaleta oda nyingine, akasema: "Ila advansi sitoi."

Nikamjibu, "Sawa mama, wala siombi."

Hifadhi posti hii, na mtumie mwenzako anayefikiria kununua mashine ya mtumba ya aina yoyote. Kwenye maoni niambie: wewe umewahi kuposti bidhaa kabla hujaijaribu? Ilikuwaje?