Ukuta wa Jikoni Unaooshwa: Rangi Ipi, Kiasi Gani, Uanzie Wapi

Kabla hujapanda bodaboda kwenda mjini kununua rangi, fanya jaribio hili. Chovya kidole kwenye maji, dondosha tone kwenye ukuta wa jiko lako, kisha hesabu polepole hadi kumi. Tone likinywewa na kuacha doa la unyevu, ukuta huo una kiu: utakunywa maji, moshi na mafuta vilevile, na hutautakasa kwa kuusugua. Tone likibaki juu au likateleza kushuka chini, ukuta huo unaosheka.

Kwa mkazi wa vijiji vya Bariadi, hili si jambo dogo. Wengi tunapikia kuni au mkaa, na baada ya mavuno hata mabua ya pamba huingia mafigani. Ukikaanga dagaa, mafuta yanaruka hadi ukutani, masizi yanakuja kunata juu yake, na ndani ya miezi michache ukuta wa nyuma ya jiko umekuwa mweusi.

Rangi zipo za aina gani?

Rangi yoyote ni mchanganyiko wa unga, gundi na kimiminika cha kuulainisha. Gundi ikiwa nyingi, rangi ikikauka huziba vitundu vya ukuta na kung'aa kidogo. Kwa hiyo ukitaka ukuta unaooshwa, uliza kwanza mng'ao, ndipo uchague rangi yenyewe iwe krimu au kijani.

Rangi ya maji ya kawaida haing'ai. Ni ya bei ya chini, haina harufu kali na hukauka haraka, lakini ukiisugua kwa sabuni inabaki kwenye kitambaa. Ipeleke sebuleni au kwenye dari.

Rangi ya maji ya silki ina gundi zaidi na mng'ao mpole. Inavumilia sponji na maji ya sabuni, na brashi zake zinaoshwa kwa maji tu. Bei yake iko juu ya ile ya kawaida.

Rangi ya mafuta, ambayo madukani huitwa pia glosi, ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuoshwa. Huchanganywa na tina, yaani kimiminika cha kuilainishia. Ina harufu kali, inahitaji usiku mzima kukauka, na ikiwa nyeupe hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda.

Nichague ipi?

Huna haja ya kupaka jiko zima rangi moja. Paka rangi ya mafuta pale panapochafuka: nyuma ya jiko, pembeni ya karo na kuzunguka mlango ambako mikono hushika, kutoka sakafuni hadi usawa wa mabega. Sehemu ya juu weka silki. Watu wengine hupaka chini kahawia iliyokolea ili uchafu usionekane, lakini uchafu usioonekana hauoshwi. Krimu au kijivu chepesi kitakuambia mapema siku ya kuosha.

Jiko langu ni la tofali za tope, je?

Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya tope. Ukuta wa tope hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiuziba, rangi huvimba na kubanduka pamoja na udongo. Afadhali upake chokaa na kurudia kila mwaka. Haiosheki, lakini bei yake ni ndogo na inaleta mwanga. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma, piga plasta ya simenti ile sehemu ya nyuma ya jiko peke yake, kisha upake rangi hapo.

Niandae vipi ukuta?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwanza, plasta mpya iache ikauke takriban siku 28. Simenti mbichi hula rangi ya mafuta na kuigeuza laini kama sabuni. Hata ikikauka, ipake kwanza praima ya ukuta wa simenti, yaani rangi ya msingi inayoikinga rangi ya juu isiliwe.

Pili, ukuta wa zamani pitisha kiganja. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chokaa. Ikwangue yote, maana rangi itashika chokaa, na chokaa haitashika ukuta.

Tatu, osha masizi na mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza, acha pakauke. Doa la moshi likigoma kutoka, liwekee andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia. Rangi ya maji peke yake hailizuii. Baada ya siku chache doa litajitokeza tena.

Nne, kama rangi ya zamani inang'aa, piga msasa hadi mng'ao ufe, halafu futa vumbi. Lowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

Nitahitaji lita ngapi?

Chukua jiko la mita 3 kwa mita 2.5. Mzunguko wa kuta zake ni mita 11. Ukipaka kuta zote rangi ya mafuta hadi mita 1.5 kwenda juu, unapata mita za mraba 16.5, toa mlango, zinabaki kama 15. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni mita za mraba 30. Kwenye ukuta laini, lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 3 zinatosha. Ukuta wa kukwaruza hula zaidi, basi ongeza lita moja.

Bei hubadilika, kwa hiyo uliza maduka matatu ya vifaa vya ujenzi Bariadi mjini kabla ya kulipa. Usilinganishe bei ya ndoo kwa ndoo. Gawanya bei kwa lita. Tuseme kopo la lita 4 ni shilingi 40,000: kila lita ni 10,000. Kisha ongeza brashi, rola, msasa, tina na malipo ya fundi. Elewana na fundi bei ya kazi nzima, na bakiza sehemu ya malipo hadi amalize mkono wa pili.

Nikague nini dukani?

Tazama alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tarehe ya kutengenezwa, ujazo, na mfuniko usiochokolewa. Rangi ya mafuta uliza kama haina madini ya risasi, hasa ya manjano na nyekundu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni. Siku ya kazi simama karibu fundi anapochanganya: maji au tina ikizidi maelekezo ya kopo, rangi inaenda mbali lakini inabaki nyepesi.

Nipake lini?

Kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Ukuta ni mkavu, na kwa mkulima fedha ya pamba huwa imeingia. Siku hiyo zima moto kabisa na pikia nje, kwa sababu mvuke wa tina hushika moto upesi. Fungua madirisha. Tina usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji; mtoto ataidhania kinywaji.

Ukimaliza, subiri wiki mbili hadi nne kabla ya kuosha kwa mara ya kwanza, ili rangi ikomae. Baada ya hapo tumia kitambaa laini na maji ya sabuni, si steel wool wala mchanga, kwani vinakwaruza mng'ao na kuurudishia ukuta kiu yake.

Na kama fedha haitoshi jiko zima, usiahirishe. Anza na ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya jiko. Ndio unaochafuka kila siku, na ndio utakaouosha kila wiki.