Trauti, Samaki wa Maji Baridi

Enyi wanafunzi wa Singida, ninyi mwawajua samaki wa nchi yenu. Mwamjua kambare wa matope, na perege wa ziwa Kitangiri, na wale perege wadogo wa ziwa Singidani wavumiliao maji ya chumvi. Leo tutasoma habari za samaki asiyepatikana kwenu hata mmoja, naye jina lake ni trauti. Huenda mtu atauliza, Ya nini kujifunza habari za samaki tusiyemwona wala kumla? Subirini kidogo. Tukiisha kujua kwa nini trauti hawezi kuishi Singida, tutajua pia kwa nini pengine samaki wa bwawani kwetu hufa wote kwa usiku mmoja.

Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka ziwa la Loch Leven katika nchi ya Uskochi, kwa gharama ya Ewart Grogan, Mwingereza yule aliyejulikana kwa safari yake ndefu kutoka Cape hata Cairo. Mayai yalikuja kwa meli, kisha kwa gari la moshi, kisha juu ya vichwa vya wapagazi, nayo safari yote sharti yakae katika baridi yasiharibike. Yakatiwa katika mto Gura, utokao katika milima ambayo Wakikuyu waiita Nyandarua. Baadaye akaletwa na trauti wa pili, ambaye asili yake ni upande wa magharibi wa Marekani. Huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, na madoadoa meusi mwili mzima. Trauti walitiwa pia katika vijito vya mlima Kenya, na vya Kilimanjaro, na vya milima ya Mbeya. Angalieni majina hayo. Yote ni majina ya milima.

Sasa tutazame jinsi anavyovuliwa, maana uvuvi wake si kama uvuvi mwingine. Chakula cha trauti ni wadudu, na konokono, na samaki wadogo. Wengi wa wadudu hao huanza maisha yao chini ya maji, wakiwa kama funza wenye miguu, wamejishikiza mawe. Siku yao ikifika hupanda juu, huambua gamba lao, hukunjua mabawa, wakaruka. Katika kitambo kile cha kukunjua mabawa hawawezi kukimbia, na trauti alilijua jambo hilo kabla ya mwanadamu.

Basi mvuvi hutwaa ndoana ndogo, pengine haizidi punje ya mahindi. Huifunga uzi, na manyoya ya shingo ya jogoo, na nywele za mnyama, hata ifanane na mdudu. Chambo hicho huitwa inzi, ijapokuwa mara nyingine amefanana na panzi au siafu kuliko inzi. Ni kazi ya vidole vyepesi na macho mazuri. Inzi wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya mafundi wa Kenya, na yamkini wako kati yao ambao hawajavua trauti hata siku moja.

Kumtupa inzi huyo ni kazi nyingine. Mvuvi wa kawaida hutupa chambo chake kwa uzito wa chubwi. Chubwi hutangulia, mshipi hufuata. Hapa mambo ni kinyume. Inzi wa manyoya hana uzito, ukimtupa kwa mkono upepo utamrudisha usoni pako. Kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mnene na mzito, nao ndio utupwao, na inzi hufuata tu. Ufito wa mvuvi ni mwembamba, wenye kunyumbuka, na urefu wake yapata futi 9. Huuinua, na mshipi hupita juu ya bega lake ukanyoka nyuma yake. Hungoja kadiri ya kuvuta pumzi mara moja. Kisha huupeleka mbele. Ninyi mliochunga ng'ombe mwaujua mjeledi. Mvuvi asipongoja, mshipi hulia vivyo hivyo kama mjeledi, na inzi hukatika akapotea majanini. Mwisho wa mshipi hufungwa uzi mwembamba sana, ili samaki asiuone. Zamani uzi huo ulitolewa katika tumbo la funza wa hariri. Siku hizi ni wa nailoni.

Katika kijito, trauti hukaa mahali pamoja, kichwa chake kimeelekea huko maji yatokako, akingoja mkondo umletee chakula. Katika bwawa hakuna mkondo, basi hana budi kukitafuta mwenyewe, naye huzungukazunguka kandokando akipita njia zake. Kwa hiyo mvuvi wa bwawani hakimbilii kutupa. Husimama mbali kidogo na ukingo, kivuli chake kisianguke majini, akatazama duara ndogo zinazotokea juu ya maji samaki anapodaka mdudu. Akiziona duara tatu zimefuatana, ajua samaki anakwenda upande gani, naye hutupa mbele yake, si juu yake.

Katika nchi za baridi za Kenya wako watu wenye mabwawa yao wenyewe ya trauti. Lakini trauti hazai katika maji yaliyotulia. Jike huchimba shimo katika changarawe, mahali pa maji yapitayo, na humo hutaga. Mwenye bwawa lisilo na kijito sharti anunue samaki wachanga na kuwatia, naye ajua hesabu yao kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Kila atolewaye amepungua. Ndiyo sababu wavuvi wengine huubana ule mwiba mdogo ulio karibu na ncha ya ndoana, wapate kumtoa samaki bila jeraha kubwa na kumrudisha majini. Mimi nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni mzaha.

Haya, mbona tusichimbe bwawa hapa Singida, tukanunua trauti wachanga, tukawatia? Jibu limo katika sufuria ya mama zenu. Twaeni sufuria ya maji safi, mkaiweke juu ya moto mdogo. Kabla maji hayajachemka mtaona viputo vidogo vimeshika pande za sufuria. Huo si mvuke bado. Ni hewa iliyokuwa imefichwa ndani ya maji, nayo yatoka kwa sababu maji yenye moto hayawezi kuishika. Samaki huvuta hewa hiyo kwa matamvua, yaani vile vitu vyekundu vilivyo chini ya mashavu yake. Sehemu ya hewa yenye kutia uzima huitwa oksijeni. Pwani, penye usawa wa bahari, lita 1 ya maji yenye joto la digrii 10 huweza kushika kadiri ya miligramu 11 za oksijeni; maji hayo yakifika digrii 30, hubaki kadiri ya 7 na nusu. Na nchi ikiinuka, kama mji wa Singida ulioinuka yapata meta 1,500, kiasi hicho hupungua tena.

Trauti ni mwenye nguvu na mwenye mbio, naye ahitaji hewa nyingi. Hupenda maji ya digrii 10 hata 16. Yakikaribia 25 hudhoofika, na yakizidi hapo hufa. Lambo la Singida lisilo na kina huzidi digrii 25 kwa urahisi mchana wa Oktoba, wakati jua ni kali, mvua haijanyesha, na maji yamebaki kidogo. Kumtia trauti humo ni kumtia chunguni.

Kambare hana taabu hiyo. Mungu amempa kiungo kingine juu ya matamvua yake, ambacho kwacho huvuta hewa ya juu kama sisi. Kwa hiyo huweza kukaa katika matope muda mrefu baada ya maji kukauka. Perege hana kiungo hicho, lakini hustahimili joto kuliko trauti. Jike wake hutunza mayai kinywani mwake, wala hahitaji changarawe wala mkondo, ndiyo maana huzaana bwawani bila kununuliwa kila mwaka. Huyu ndiye samaki wa bwawa la Singida, naye huvuliwa vyema kwa nyungunyungu au kwa tonge la ugali. Manyoya ya jogoo muwaachie watu wa milimani.

Walakini hata perege ana mpaka wake. Bwawa likitiwa samadi nyingi, maji huwa ya kijani, kwa sababu yamejaa mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni, bali usiku huivuta, ikishindana na samaki. Saa ya hewa kuwa chache kabisa ni alfajiri. Basi mwenye bwawa aamke mapema, aende akatazame. Akiwaona perege wamepanda juu wote, vinywa wazi, wakitweta, asidhani wanaomba chakula. Aache kutia samadi na vyakula, afungulie maji mapya kama yapo, au awape vijana ndoo wayateke na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kisha awavue wale wakubwa siku ile ile, kabla ya usiku wa pili.