Neno la Sirini na Haki ya Wengi

Twaulizwa mara nyingi: Mbona mzee aendaye faraghani kwa mkubwa ili awasemee watu hurudi mikono mitupu?

Tukumbuke habari ya pamba katika Usukuma, ambamo na Bariadi yetu imo. Wakulima walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Aliyenong'ona na mnunuzi peke yake, labda mzigo wake ulipimwa vema siku ile. Bali mizani ilikaa vile vile kwa wenziwe. Ndipo wakulima wakaungana pamoja na Paul Bomani, wakaanzisha vyama vya kuuza pamba yao wenyewe. Navyo mwaka 1955 vikawa shirikisho moja, lililoitwa Victoria.

Twajifunza nini? Neno la sirini halina shahidi. Mkubwa aweza kulikana kesho. Tena humpa mmoja fadhili, wala si wote haki. Naye aliyetumwa hushukiwa na waliomtuma. Hata Mtume Paulo, aliyepigwa hadharani kule Filipi, alikataa kutolewa kwa siri (Matendo 16).

Basi, kosa la mtu mmoja tulionye faraghani. Bali shida ya wengi tuipeleke wawili watatu, mbele ya mashahidi. Nasi tukirudi, tuwaeleze wote tulivyojibiwa.