Mzigo Unafanana, Mteja Atakujuaje?

Leo tuongelee brandi. Mimi nimeishia kidato cha nne, nauza mikoba ya kike mtandaoni, na haya nimeyaokota humuhumu kazini.

Tuseme ukweli, wengi wetu mzigo tunachukua Kariakoo, pengine duka moja. Mkoba ninaouza mimi unaukuta kwenye kurasa nyingine kibao, na picha ni ileile ya muuzaji wa jumla. Mteja asipoona tofauti, anachagua bei. Ukishusha elfu mbili, mwenzako anashusha tatu, mwisho unauza sana na faida huioni. Baya zaidi, tapeli akichukua picha zako akafungua akaunti, mteja hajui yupi ni wewe. Hela inaenda kule, lawama zinakuja kwako.

Kwa sisi wadogo brandi ni hii: mteja akiona kitu chako akujue hata kabla hajasoma jina.

1. JINA MOJA KILA SEHEMU
Angalia Azam. Jina hilohilo liko kwenye unga, juisi, aiskrimu, boti za Zanzibar, king'amuzi mpaka timu ya mpira. Wewe Instagram unaitwa hivi, WhatsApp vile, na mfuko wa mzigo hauna jina kabisa. Chagua jina fupi. Mtajie mtu kwa mdomo, mwambie alitafute. Akikwama, badili mapema. Usijaze namba na vistari, maana tapeli ataongeza kistari kimoja tu na hakuna atakayeshtuka.

2. JINA LA MALIPO LIFANANE
Mteja akitaka kulipa kwa simu, kuna jina linatokea kabla hajathibitisha. Akiona jina asilolijua, anasita, na ana haki. Ulizia kwenye duka la mtandao wako masharti ya kupata lipa namba yenye jina la biashara. Kama bado, andika wazi kwenye ukurasa wako jina litakalotokea.

3. SURA MOJA
Piga picha mwenyewe. Mimi napiga mikoba yote asubuhi karibu na dirisha, juu ya mkeka uleule wa ukili, kwa simu yangu hii hii. Rangi za matangazo mbili tu, basi. Picha yangu ikizungushwa kwenye magrupu, mteja wa zamani anaijua kwa mkeka.

4. AHADI MOJA UNAYOIWEZA
Usiahidi kila kitu. Mikoba kinachosumbua ni zipu, kwa hiyo kabla sijafunga mzigo nafungua na kufunga zipu mbele ya kamera, namtumia mteja video. Siku hizi mtu akimwelekeza mwenzake kwangu anasema, "Nenda kwa yule dada wa zipu." Hilo jina sikujipa mimi, wamenipa wateja. Wewe mteja wako anaogopa nini? Saizi? Rangi kuchuja? Mzigo kuchelewa? Anzia hapo, na siku zote timiza.

5. LINDA JINA
Huku Bara jina la biashara linasajiliwa BRELA, na maombi unafanya kwa mtandao. Zanzibar ni BPRA. Ila jua kwamba kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili. Alama ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa kama zako. Kwa Bara unaanza na miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Kabla hujachapisha mifuko mia tano, hakikisha kwanza jina hilo halina mwenyewe.

Kazi ya leo: chukua picha zako tano na za wauzaji wengine watano, ficha majina, mpe mteja wako wa zamani achague zako. Akibahatisha, ujue pa kuanzia.

Biashara njema.