Ukitaka kazi ya mikopo, jua kuhesabu ngozi

Mama mmoja wa Kikopey amemaliza kulipa mkopo wake kabla ya muda, na meneja aliyetaka kuukataa hajasema neno. Kwa hiyo leo nina hamu ya kuandika. Vijana wanaoomba kazi benki huniuliza wajifunze nini, nami niliahidi mambo matano. Manne ni hesabu, kompyuta, kuandika ripoti inayosomeka na kutogusa pesa ya mtu. Hayo mnayajua. Tuingie la tano.

Kikopey, kwa asiyepajua, ni pale barabara ya Nairobi–Nakuru, ukishapita Gilgil, Ziwa Elementaita likiwa bondeni. Vibanda vya nyama choma vimepangana, vijana wanapungia kila gari linalopunguza mwendo. Daftari hakuna. Taarifa ya M-Pesa husaidia, lakini noti nyingi huingia mfukoni mwa aproni na kutoka jioni hiyohiyo kumlipa mwenye mbuzi.

Mama huyu alitaka friza na mabati ya jikoni. Niliagiza robo na ugali, nikalipa mwenyewe. Afisa anayelishwa na mteja ameshafungwa mdomo.

"Mama, kwa siku unauza kama ngapi?"

"Ah, mwanangu, ni kubahatisha tu."

Sikubishana. Niliuliza pa kunawia, nikazunguka nyuma. Huko ndiko kwenye hesabu. Ngozi zilikuwa zimetiwa chumvi na kutandazwa, zikimngoja mnunuzi ambaye siku hizi anatoa bei ya matusi. Nikamwuliza mchunaji jamaa huyo alipita lini mara ya mwisho. Jumapili jioni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na ngozi zilikuwa 9: mbuzi tisa katika siku tatu za katikati ya wiki. Zidisha kwa kilo na bei ya kilo, kisha toa bei ya mbuzi, mkaa, leseni ya kaunti na mishahara. Magunia matupu ya mkaa nayo nikayahesabu, nione kama yanakubaliana na ngozi. Yalikubaliana.

Ukimwuliza mtu mauzo, atakupa tarakimu anayodhani unaitaka. Ukimwuliza habari za ngozi, hana sababu ya kudanganya. Ila usiende Jumamosi wala Desemba, maana wakati huo kila kibanda kinaonekana tajiri. Nenda katikati ya wiki, na ikiwezekana Njaanuari.

Meneja akasema ngozi si taarifa ya benki. Nikamkumbusha sheria ya mwaka 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika: hata mifugo na friza vinaweza kuwekwa dhamana bila hati ya shamba. Akaninunia, lakini akatia sahihi. Kinyongo bado ninacho, kwa sababu huyohuyo alimpitishia haraka jamaa wa tai na mpango wa biashara mnene, ambaye sasa hashiki simu.

Na wanaouza kozi za wikendi za "ujuzi wa benki" hapo Nakuru? Weka hela yako. Ukitaka cheti, kaulize Kenya Institute of Bankers. Hela ikibaki, nunua viatu vya Bata vya ngozi. Vile vya soli ya gundi vumbi la Kikopey huvimaliza upesi.

Ukiajiriwa tawi la Gilgil au Naivasha, omba idara ya mikopo. Kaunta haitakufundisha haya, na kazi yake mawakala wanaimega tangu Benki Kuu iwaruhusu mwaka 2010.