Somo: Hesabu Kabla ya Kupanua Silinda



Fundi akishauri silinda ya pikipiki ya chama ipanuliwe ili kuongeza nguvu, katibu adai kwanza hesabu ya uwiano wa mgandamizo. Kanuni: jumlisha ujazo wa silinda na ujazo wa chumba cha moto, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba hicho.

Kupima chumba: pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa, mimina oili nyepesi kwa bomba la sindano kupitia tundu la plagi hadi ijae. Kiasi kilichoingia ndicho ujazo wake. Oili itolewe yote kabla ya kuwasha.

Mfano: silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5 ina ujazo wa sentimita za ujazo 124. Chumba kikiwa 15.5, uwiano ni 139.5 ÷ 15.5 = 9. Kipenyo kikifikishwa 62, ujazo huwa 149. Chumba kisipobadilika, uwiano hupanda hadi 10.6. Hapo petroli ya kawaida yaweza kuifanya injini igonge, ipate joto kali, hata pistoni itoboke. Ili uwiano ubaki 9, chumba kiwe 18.6.

Pikipiki ikifia njiani kati ya Mbesa na Tunduru, gharama hutoka katika jasho la wakulima. Bila hesabu ya maandishi, malipo yasiidhinishwe.